Daraja Nyuma ya Soko

Machi 4

Daftari hili binti yetu alilinunua kwa masomo ya jioni. Masomo aliyaacha juma la pili, daftari likabaki jeupe. Nimelichukua kwa sababu tumerudi kutoka hospitali na mikono yangu haijui ikae wapi. Nimeshafua vitambaa ambavyo havikuwa vichafu.

Daktari wa mishipa alimlaza mume wangu, akamfunga mkanda wa presha mkononi, kisha kwenye kifundo cha mguu, akasikiliza, akalinganisha. Halafu akasema bila kupamba. Damu haifiki vizuri mguu wa kushoto. Sukari imeiharibu njia. Vidonge vitasaidia, lakini dawa kubwa ni kutembea kila siku: atembee mpaka maumivu yashike shavu la mguu, asimame yapoe, atembee tena. Mwili wenyewe utatafuta vijia vingine vya kupitisha damu, alisema, kama maji yanavyofanya. Atampima tena mvua zikiisha.

"Tukikuta hakuna kilichobadilika, tutaanza kuzungumza habari ya kuukata."

"Kuukata wapi?" mume wangu aliuliza, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiulizia mpaka wa kiwanja.

Daktari alionyesha kwa kalamu, chini ya goti.

Nyumbani, mume wangu alipofika kwenye kiti chake cha dirishani alivua viatu, akavisukuma chini ya kabati. "Mimi nimeshatembea sehemu yangu," alisema.

Alikuwa mpima ardhi. Ujana wake wote aliumaliza kwa miguu, akibeba minyororo ya kupimia kwenye vichaka vya watu. Baada ya hapo tukatembea ule mwendo mwingine, wa kukimbia kwetu, ambao hakuna aliyetulipa. Siwezi kusema hana haki.

Machi 5

Hakutoka. Manyunyu.

Machi 6

Hospitali ina darasa la watu wanaouguza, kila Alhamisi, katika chumba cha chini kilicho jirani na stoo ya magodoro. Nilitarajia picha za mishipa. Badala yake aliingia msichana mwembamba mwenye miwani mikubwa, mwanasaikolojia, akauliza nani kati yetu amepiga mswaki leo. Wote. Nani alilazimika kujishawishi kwanza? Hakuna.

"Basi huko ndiko tunakotaka kuufikisha mguu," alisema.

Anasema sisi ndugu wa wagonjwa tuna makosa mawili: tunaanza na jambo kubwa, na tunaanza na maneno mengi. Yeye kila sentensi yake inaishia na kidogo kidogo. Nyuma yangu dereva wa lori mstaafu, ambaye mkewe hataki kufanya mazoezi ya bega, alimwita Bi Kidogokidogo, na kabla darasa halijaisha jina lilikuwa limeshashika.

Kazi niliyopewa: nisimwambie atembee. Nimwambie avae viatu baada ya kikombe cha pili cha chai, basi.

"Na akishavaa?"

"Akishavaa, amevaa. Usiongeze neno, mama. Najua litakuwasha."

Machi 7

"Nivae viatu nikae?"

"Ndiyo."

"Hivyo tu."

"Hivyo tu."

"Na hao wanaokufundisha wanalipwa mshahara?"

Lakini alivaa. Akakaa dirishani na viatu vyake, mikono juu ya magoti, na mimi sikuweza kumtazama. Mwaka wa kwanza tulipofika hapa tulikaa hivyo hivyo, yeye na mimi na watoto, tumevaa viatu ndani ya nyumba ya watu, maana mtu mmoja alisema huenda mwezi ujao tukarudi. Watoto walikuwa wakisinzia na viatu. Nilikwenda jikoni nikafungua bomba, nikaliacha limwage.

Machi 9

Amevaa. Amevua.

Machi 10

Amevaa. Alisimama kutazama mvua, akafika mlangoni, akarudi. Niliuma ulimi mpaka nikasikia chumvi.

Machi 13

Leo darasani: chukua kile mtu anachokipenda, ukifunge pamoja na kile anachokikwepa. Bi Kidogokidogo aliniuliza mzee anapenda nini. Nilisema anapenda kusomewa. Sukari ilianza na macho kabla ya mguu. Herufi zimemkimbia mwaka wa tatu sasa, na kila jioni mimi humsomea. Tuko kwenye riwaya ya dada wawili wanaogombea nyumba ya marehemu baba yao, nyumba yenye milango miwili.

"Kitabu hicho kiondoe kwenye kiti," alisema. "Kiweke barabarani."

Machi 14

"Leo hakuna kusoma hapa ndani," nilimwambia.

"Umeme umekatika?"

"Kitabu kimehamia nje."

"Mkutubi, hii ni rushwa." Ananiita Mkutubi tangu nilipokuwa nikitunza maktaba ya shule kule kwetu.

"Ni rushwa."

"Angalau umekiri."

Tulishuka ngazi moja moja. Kusoma huku unatembea kwenye manyunyu hakuwezekani, kwa hiyo nilikuwa nimeisoma sura asubuhi, nikamsimulia kwa kichwa. Tulimpita fundi viatu wa kona. Maumivu yalimshika mbele kidogo, kwenye uzio wa kiwanda kilichofungwa, ambako uwanja wote umejaa maji na mapipa yanaelea. Alishika waya, akasimama. Mimi nami nikasimamisha hadithi, dada mkubwa akiwa ameweka mkono kwenye kitasa.

"Endelea."

"Tukiondoka."

Alinitazama kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe. Kisha akainua mguu.

Machi 20

Bi Kidogokidogo alitutaka kila mtu atunge sentensi moja inayoanza na "kama". Kama mvua itanyesha, utafanya nini? Mtu akishaamua wakati wa jua, halazimiki kuamua tena wakati wa mvua; na uamuzi wa dirishani, maji yakimwagika, ni ule ule siku zote: kubaki ndani. Mimi nilisema: kama mvua itanyesha, tutatembea kwenye ujia wa ghorofa yetu, kutoka mlango wa mshonaji mpaka dirisha la ngazi. Dereva wa lori alisema: kama mvua itanyesha, mke wangu atakuwa na sababu. Tulicheka mpaka mhudumu wa magodoro akachungulia.

Machi 22

Mvua ya mawe. Tumetembea kwenye ujia, tukiinamia kanga za watu zilizoanikwa. Mshonaji ameacha mlango wake wazi na cherehani kimya.

"Samahani, mama," alisema tulipompita mara ya pili. "Yule dada mkubwa ameshampata mwanasheria?"

"Kakataa," mume wangu akamjibu kabla yangu. "Mwanasheria mwenyewe anakula pande zote mbili."

Machi 27

Binti yetu alirudi kutoka zamu yake ya duka la dawa, akamkuta baba yake amenyoosha mguu juu ya stuli. Binti amechoka, na mtu aliyechoka ana haraka.

"Baba, leo umetembea?"

"Bado."

"Bado. Na ukikatwa huo mguu, hizi ngazi nani atakubeba? Mama?"

Baba yake aliushusha mguu chini. Alivua viatu. Binti aliingia chumbani, nami nilibaki katikati nikishika sahani ambayo sikumbuki niliitoa wapi. Darasani leo hii tu tuliambiwa kuwa aibu haimsogezi mtu, inamfundisha kujificha. Nilimwambia binti. Alisema, "Mimi si daktari wa akili, mama. Mimi ni mtoto wake."

Machi 28

Alitoka mwenyewe baada ya chai ya pili, akanisubiri kwenye ngazi. Siku moja iliyokosekana haikuvunja kitu. Niliiandika jana kwa hofu nyingi mno.

Aprili 2

Paa linavuja juu ya kabati la vitabu. Nimevihamisha vitabu, nikavirudisha, nikavihamisha.

Aprili 8

Kitabu kimeisha. Nilijua kinaisha, nikajitia hamnazo. Mwisho wake ni mfupi: dada mdogo anaachiwa ufunguo mezani, na dada mkubwa anatoka kwa mlango wa uani. Nilikuwa nao mdomoni tulipofika kwenye uzio wa kiwanda. Mume wangu sasa anafika pale bila kushika waya. Nilimtazama anavyosubiri, na mwisho ukanishinda kuutoa.

"Dada mdogo amefunga nyumba," nilisema. "Ameondoka."

"Amekwenda wapi?"

"Kesho."

Nimekaa jikoni. Sijui amekwenda wapi.

Aprili 9

Nimempeleka dada mdogo kwenye mji. Mtu anayetunga anahitaji mtaa, na mtaa ninaoujua nimefumba macho ni mmoja tu. Nilibadilisha majina. Nikaweka posta yenye ngazi pana, na muuza taa za kandili, na soko, na shule yangu ila nikaiita zahanati. Maneno yalikuja bila kuitwa. Tulifika mbali kuliko siku zote, mpaka kituo cha mafuta.

Aprili 15

Maji ya kiwandani yamefika ngazi ya ofisi. Mume wangu anatembea vizuri na ananyamaza sana.

"Huyu mwandishi," alisema leo, "anaipenda mno ile posta."

"Waandishi wana vichaa vyao."

"Mm," alisema.

Aprili 21

Niandike polepole.

Tulikuwa mezani watatu. Binti yetu, tangu siku ile ya maneno, anatafuta namna ya kumpendeza baba yake, na alikuwa amekichukua kile kitabu akisome zamu ikiwa tulivu. Aliweka kijiko chini, akasema kwa uchangamfu, "Baba, nami nimekimaliza. Umeuonaje ule mwisho, dada mdogo kuachiwa ufunguo mezani?"

"Mwisho gani?"

Binti alinitazama. Nilitazama chumvi.

"Kimeisha lini?" mume wangu aliuliza. Aliniuliza mimi.

"Majuma mawili."

"Na posta? Na yule muuza taa?"

"Ni mimi."

Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu angepandisha. Alisema alijua habari ya rushwa, aliikubali, rushwa ya wazi ina heshima yake. Alisema hata viatu vya kukaa navyo alivumilia. "Lakini wewe umekaa kwenye lile darasa kila Alhamisi ukajifunza kunizungusha kama ng'ombe wa kinu, na mimi nazunguka na kushukuru."

"Nilitaka mguu wako."

"Mguu ni wangu. Na mji ule ni wangu pia. Ungeweza kuchukua mji wowote duniani, umesoma vitabu vya miji yote. Umeuchukua ule. Umenipitisha mle ndani nimefungwa kamba, hukuniambia tunapita wapi."

Binti alianza kusema kosa ni lake. Baba yake alimwambia anyamaze, kwa upole, "Wewe umeuliza swali tu, mwanangu." Kisha akaenda kwenye kiti, akavua viatu.

Nimewaza jioni nzima jibu la kumpa. Kila jibu ninalolipata lina haki, na hakuna hata moja linalofaa.

Aprili 22

Hakutoka.

Aprili 23

Hakutoka. Mshonaji aliuliza kama tumesafiri.

Aprili 24

Nilimweleza Bi Kidogokidogo mbele ya wote, maana sikuwa na subira ya kungoja watoke. Alivua miwani. Bila miwani ni mtoto kabisa.

"Nimewafundisha muifanye iwe rahisi," alisema. "Sikuwafundisha vya kutosha kuifanya iwe yake. Kosa ni letu sote wawili, mama. Kila hila uliyoitumia, kamba ilikuwa mkononi mwako."

"Nimwombe radhi?"

"Umeshamwomba?"

"Kila siku."

"Basi inatosha. Ukiendelea, radhi nayo itakuwa hila." Alifikiri. "Wewe tembea."

"Mimi siumwi."

"Tangu umeingia humu umehama viti vyote vya safu hii. Tembea, mama. Kwa ajili ya miguu yako, si yake. Usimwalike, usimnunie."

Dereva wa lori alinisindikiza mpaka getini. Mkewe sasa anainua bega, alisema, ila kwa masharti kwamba yeye asiwepo chumbani.

Aprili 26

Nimetoka peke yangu baada ya chai ya pili. Sikuaga kwa mbwembwe. Barabarani nilikwenda kasi mno, kama nafukuzwa, mpaka fundi viatu akaniita.

"Mama, pole na mbio. Mzee yuko wapi?"

"Amepumzika."

"Na dada mdogo?"

Nilikuwa sikumbuki kwamba kila tulipompita alipata kipande chake. Alikuwa ameweka kiatu cha mtu kwenye kalibu, nyundo juu, anangoja. Nikamwambia dada mdogo amepata chumba karibu na soko. Akapiga msumari mmoja. "Kodi kiasi gani?" aliuliza.

Nimempelekea viatu vya mume wangu abadilishe soli. Hakuna atakayevivaa, lakini soli zilikuwa zimekwisha kweli.

Aprili 28

Hakutoka. Nilimwambia fundi dada mdogo anatafuta kazi upande wa pili wa mto.

Aprili 29

Binti yetu alimshika baba yake vidole vya mguu, kama anatania. Ni vya baridi na vina rangi ya nta. Aliniinamia jikoni akalia bila sauti, mdomo kwenye bega langu, mvua ikipiga bati. Mume wangu aliita kutoka dirishani kuuliza kama chai ipo. Ilikuwepo.

Mei 1

Nimeketi, nimesimama. Hakutoka.

Mei 3

Fundi viatu alipanda ngazi zetu leo, mara ya kwanza, na viatu ndani ya gazeti. Kivuli chake kilijaza mlango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Umejisumbua bure."

"Soli hii itakuchosha wewe kabla hujaichosha."

"Sitembei."

"Basi itadumu." Aliweka viatu sakafuni, akakubali kikombe, akakaa ukingoni mwa kiti kama wanavyokaa watu wenye kazi. "Ila umekosa mengi. Dada mdogo keshavuka daraja la nyuma ya soko, giza linaingia, na ng'ambo hakuna anayemjua."

Mume wangu alikuwa akitazama nje. "Daraja gani?"

"La nyuma ya soko."

"Nyuma ya soko hakuna daraja."

"Mama kasema lipo."

"Nyuma ya soko kuna machinjio, halafu ukuta wa shule. Daraja liko chini ya posta. Nimelipima mimi kabla halijajengwa, nimesimama kwenye yale maji mpaka kiunoni. Mtu akivuka nyuma ya soko anatumbukia mtoni."

"Sasa ndiyo keshavuka," fundi alisema, akapuliza chai.

Mume wangu aligeuka na kiti chote. "Mkutubi. Umemzamisha mtoto wa watu."

Nilifungua mdomo nikatae, na hapo nikaona sina la kukataa. Naliandika hapa maana hakuna atakayeniamini: halikuwa hila. Nililitafuta lile daraja kichwani mwangu na halikuwepo. Nilivuka juu yake kila siku nikienda kazini, mwavuli mkononi, miaka yote ile, na sasa mahali pake pana ukungu. Nilikaa kwenye mkono wa kiti. Nilisema, "Sikumbuki. Kweli sikumbuki lilikuwa wapi."

Alinitazama muda mrefu. Sijui aliona nini, lakini uso wake, uliokuwa umefungwa tangu siku ile ya mezani, ulilegea.

"Lete karatasi," alisema. Nikaleta. Aliinamia, akainyanyua karibu na pua, akaitupa. Macho yake hayaoni tena mstari wa kalamu. "Karatasi haifai. Nataka udongo. Fundi, pale kwako pana udongo?"

"Pale kwangu pana tope tu, mzee."

"Tope bora. Nipe hivyo viatu."

Alishuka ngazi akilaani soli mpya kwa kuteleza. Pembeni mwa kibanda cha fundi alichora kwa ncha ya fimbo yake ya kutembelea, mistari mipana kama mifereji: posta, mto, soko, machinjio. Mvua ilikuwa inafuta na yeye anachora tena. Mguu ulimuuma, akasimama, ukapoa, akahamia upande wa shule. Tulirudi tumelowa hadi mifupani. Hakuna aliyetaja mazoezi.

Mei 5

Baada ya kikombe cha pili alisema, "Tumtoe yule binti mtoni." Alisimulia yeye. Dada mdogo ameokolewa na mtu wa machinjio, mwenye maneno machache na mikono inayonuka. Hapo hapo, fundi ameacha nyundo, mimi nimekodoa macho, akanyamaza.

"Halafu?" nilisema.

"Tukiondoka."

Mei 8

Nilimsimulia Bi Kidogokidogo. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Hilo sikukufundisha mimi."

"Najua."

"Naomba nilitumie kwa wengine."

"Utampata wapi mpima ardhi mwingine?"

"Kila mtu ana daraja ambalo hawezi kuvumilia liwekwe pasipo pake," alisema. Kisha akajicheka. "Hiyo nayo ilikuwa kubwa mno. Kidogo kidogo."

Mei 12

Mvua imepungua. Tumefika kituo cha mafuta na kukipita. Dada mdogo anapanda mtaa wetu wa zamani sasa, nyumba kwa nyumba, na mume wangu hakosei hata mfereji. Ameacha kubadilisha majina. Nami sijamkumbusha.

Mei 16

Leo dada mdogo alifika kwenye lango la nyumba yetu ya kule. La buluu, lililokuwa likigoma kufunguka wakati wa masika. Ameliwekea mkono. Mume wangu alisimama.

"Mguu?"

"Hapana."

Akageuka, tukarudi nyumbani.

Siku tulipoondoka kule, mimi na watoto tulitangulia. Yeye alibaki nyuma majuma kadhaa, akatukuta mpakani amekonda, ana ndevu. Sijawahi kujua alifanya nini siku zile ndani ya nyumba ile. Nilimuuliza mara moja, zamani. Alisema hapakuwa na la kusema.

Mei 19

Ametembea. Hadithi hakuna. "Kesho," anasema, na anatembea mbele yangu. Mimi ndiye ninayekunywa kikombe cha pili harakaharaka hadi naunguza ulimi.

Mei 23

Ametembea. Hakuna. Nimeng'oa na kurudisha mapazia. Maji ya kiwandani yanarudi nyuma, yanaacha mapipa yameketi.

Mei 27

Daktari alifunga mkanda, akasikiliza, akafunga tena. Mume wangu alitazama dari. Binti yetu alikuwa ameomba ruhusa kazini, amesimama mlangoni na sare yake ya duka la dawa, anakunja na kukunjua ukosi.

"Njia zimeanza kufunguka," daktari alisema. "Si zote. Lakini mguu huu unalishwa. Habari ya kukata tuiweke kando. Mkiacha kutembea itarudi." Aliuliza tumetumia mpango gani.

"Nilikuwa narekebisha makosa ya mke wangu," mume wangu alisema. "Ni mengi, hayaishi."

Njiani binti alimshika mkono, wakatembea hivyo. Hakumwuliza kama amechoka.

Juni 1

Jua. Anga limepanguswa. Baada ya chai ya pili alivaa viatu, akavifunga kamba mara mbili.

Tulimpita fundi, aliyetupungia nyundo. Kwenye uzio wa kiwanda alisimama, nikadhani ni maumivu. Alikuwa anautazama uwanja. Maji yote yamekwenda. Limebaki tope lililokauka, pana na safi, halina hata unyayo. Waya umekatika mahali pamoja. Alijiinamisha akapita, pamoja na umri wake wote, nami nikapita nyuma yake nikishikilia sketi.

"Uliniuliza zamani nilifanya nini mle ndani," alisema. "Nilipima."

"Ulipima nini?"

"Nyumba. Sikuwa na kazi nyingine, na sikuweza kulala. Kila chumba, kila mlango, mpaka unene wa kuta. Nilifikiri siku moja mtu atatuuliza tuithibitishe." Alikwangua tope kwa fimbo. "Karatasi walizichukua mpakani. Kichwa hawakukikagua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hakuna aliyewahi kutaka tuithibitishe, Mkutubi. Nikaona haya. Watu wengine walitoka na dhahabu."

Kisha akaanza. Alitembea kwa hatua zile za zamani, ndefu na sawa, ambazo sikuwa nimeziona tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi, akiburuta fimbo nyuma yake. Mstari wa ukuta wa mbele. Kona. Ukuta wa upande wa mwembe wa jirani. Alisimama maumivu yakija, ameegemea fimbo ndani ya kile kitakachokuwa chumba cha watoto, kisha akaendelea. Ukumbi. Ghala dogo lililokuwa na panya. Jikoni, na dirisha lake la chini nililokuwa nikigonga kiwiko. Jua lilitupiga visogoni. Sikumsaidia, na wala hakunihitaji.

Alipomaliza alikuwa ndani, katikati ya ukumbi, anahema, mwekundu wa uso kama aliyebishana na mtu akamshinda.

"Njoo uone," aliniita.

Nilikwenda moja kwa moja mpaka alipo.

"Ah," alisema. "Umepita ukutani."

Nikatazama chini. Nilikuwa nimeukanyaga mstari, viatu vyangu vimeufuta kidogo. Nilirudi nyuma, nikauzunguka ukuta wote wa mbele mpaka kwenye pengo aliloliacha, na pale nikasimama kwanza nikafuta miguu.